Mama akizidiwa katikati ya maji: jibu kwa anayevuka kwenda Mafia

Ndugu, umesema unampeleka mama kisiwani Mafia kwa boti inayotoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, ana kisukari na presha, na unataka kujua akizidiwa katikati ya maji mfanye nini. Umeuliza kabla ya kupanda, hapo ndipo swali lina faida.

Watu huiogopa bahari, lakini muda wa mgonjwa hupotea zaidi pwani. Boti imefika, maji yamekupwa, gari hakuna, na hospitalini hakuna aliyeambiwa. Kwa hiyo siku moja kabla muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi pande zote mbili, na kama ni bamvua (maji hujaa na kukupwa sana) au maji mafu (hujaa na kukupwa kidogo). Nyamisati imo ndani ya mikoko, na siku za bamvua maji yakikupwa mgonjwa anaweza kubebwa kwenye tope. Chukua pia namba ya simu ya mtu mwenye gari Kilindoni, mnakoshukia Mafia, na ya mwingine Nyamisati, uziandike kwenye karatasi. Simu huzimika.

Sasa mama mwenyewe. Kwa mgonjwa wa kisukari, tatizo linalokuja kimyakimya ni sukari kushuka, na baharini hufichwa na kulewa bahari. Asubuhi amechoma insulini au amemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, akanywa chai kidogo. Boti ikitoka nje anatapika ile chai, lakini dawa bado inafanya kazi. Saa moja baadaye anatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, anajibu ovyo au anasinzia, na abiria wanasema mwacheni alale, bahari imemlevya. Usimwache alale! Mpime sukari. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), au huna kipimo na dalili ni hizo, koroga vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au mpe nusu chupa ya soda ya kawaida, isiyo ya daieti. Kwanza mpe kijiko kimoja cha maji matupu. Akimeza bila kukohoa wala kuchuruzika mdomoni, endelea. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Akizinduka ale kitu kigumu, ndizi au mkate, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka mara ya pili. Anayetumia metformini peke yake, kidonge kingine cha kisukari, ni nadra kufika huko. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni.

Muulize daktari wake mapema dozi ya asubuhi ya safari iweje, usiipunguze mwenyewe. Insulini iwe kwenye mfuko wako, imefungwa kwa kitambaa. Isiwekwe kwenye sanduku la barafu la samaki hata kama nahodha amekukaribisha kwa wema, kwa sababu ikiganda imeharibika, na kwa macho huwezi kuitambua.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza pia kuwa kiharusi, hasa kwa mwenye presha. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, au maneno yakikwama, andika saa ileile, kwani hospitali wataiuliza kabla ya mengine. Pima sukari hata hapo, maana sukari ikishuka huweza kufanana kabisa na kiharusi. Usimpe aspirini, wala usimmezeshe kidonge cha ziada cha presha ili "ishuke haraka". Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au tayani ni jambo jingine: mkalishe nusu-wima, magoti yamekunjwa, atafune aspirini ya miligramu 300 kama haimdhuru na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu.

Wakati wewe unashughulika na mama, mtu mmoja ashughulike na nahodha. Mgonjwa alazwe katikati ya chombo kuelekea tezi (nyuma), chini, kwa urefu wa boti, kwa sababu omo (mbele) hupiga sana. Asiwe karibu na bomba la moshi. Moshi wa mashine ndani ya kibanda kilichofunikwa huleta kichwa kuuma na kutapika, na watu huuita ulevi wa bahari. Kama wanaoumwa ni wote waliokaa sehemu moja, watoe hapo mara moja wapate hewa. Mama avae jaketi la kujiokolea, kamba za kifuani zilegezwe, na asifungwe kwenye chombo hata kwa kanga. Abiria wabaki walipo. Boti ndogo ikielemewa upande mmoja kwa sababu watu wanamtazama mgonjwa, mtakuwa na msiba mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Kurudi au kuendelea? Hesabu dakika mpaka kitandani hospitalini, si maili mpaka ufukweni. Hospitali ya wilaya ya Mafia iko Kilindoni penyewe, lakini upande wa Nyamisati bado kuna barabara mpaka Kibiti. Kwa hiyo mkiwa nusu ya njia, mara nyingi kuendelea ndiko kufika mapema, isipokuwa kusi, upepo wa kusini, limekaza na nahodha amekataa. Neno la nahodha juu ya bahari ni la mwisho.

Piga simu mara mtandao unapopatikana, usisubiri mgonjwa azidi. Namba 112 ni ya dharura. GPS ya simu husoma mahali mlipo hata pasipo mtandao, basi someni namba zenyewe, kwa mfano "7 nukta 85 kusini, 39 nukta 45 mashariki". Kama chombo kina redio, chaneli ni 16. Mgonjwa amezidiwa lakini bado yupo imara kidogo, tamka "pan-pan" mara tatu. Akiwa anakata roho au chombo kiko hatarini, "mayday" mara tatu. Kisha jina la chombo, mlipo, mmepatwa na nini, umri wa mgonjwa, na idadi ya watu chomboni.

Akiacha kupumua kawaida na haitiki, mshusheni kwenye mbao tupu. Juu ya magunia au nyavu nguvu yote inaishia kwenye gunia. Viganja katikati ya kifua, kandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi 2 za mdomoni. Piga magoti yakiwa yamepanuka, na nahodha apunguze mwendo. Badilishaneni kila dakika 2, kwani kwenye chombo kinachoyumba mikono huchoka upesi na kina hupungua bila mwenyewe kujua.

Mkifika, anayembeba mama asiwe na mzigo mwingine. Mtu wa pili ashike mfuko wa dawa na ile karatasi: saa alipozidiwa, kipimo cha sukari kila mara, alichopewa na kiasi gani. Mabegi yabaki botini, yatafuatwa baadaye.