Jibu kwa Frateri anayekwenda kujifunza Kithai: sikio na maandishi kwanza, mahubiri yasubiri

Frateri, umeuliza mambo matatu, nami nitayajibu kwa pamoja kwa sababu yanashikana: kama miezi michache ya mafunzo ya lugha huko Bangkok itatosha kabla hujapelekwa parokiani kaskazini-mashariki mwa Thailand; kama unaweza kuyaahirisha maandishi yao na kutumia kwanza herufi hizi zetu za Kirumi; na kama ni busara kuanza kwa kukariri sala na mahubiri mafupi, ili walau uwe na la kusema siku utakaposimama mbele ya waamini. Mimi ni mtawa, nilikulia Mombasa, nilipitia mafunzo ya namna hiyo nikiwa na umri unaokaribiana na wako, na baadaye nikahudumu upande huo huo wa nchi unakokwenda. Miezi michache haitoshi, maandishi usiyaahirishe hata kwa wiki moja, na mahubiri yasubiri. Nitaeleza kwa nini nayasema hayo kwa uhakika.

Nianze na maandishi, kwa kuwa hapo ndipo vijana wengi hupotezwa na watu wenye nia njema. Utaambiwa kwamba Kithai kina konsonanti 44, kwamba irabu zake huandikwa mbele, nyuma, juu au chini ya konsonanti, na kwamba maneno hupangwa mfululizo bila kuachiwa nafasi, na kwa hiyo ni afadhali uzungumze kwanza, kusoma kutakuja baadaye. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ushauri unaotolewa kutokana nayo si mzuri. Kithai ni lugha ya toni, yaani kimo cha sauti ni sehemu ya neno lenyewe: kina toni tano, yaani ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda, na silabi ile ile ikibadilishiwa toni huwa neno jingine kabisa. Sasa, mfumo rasmi wa kuandika Kithai kwa herufi za Kirumi, ule utakaouona kwenye vibao vya barabarani, hauonyeshi toni wala urefu wa irabu. Neno la «mbali» na neno la «karibu» huandikwa kwa namna moja, klai, ilhali Mthai akiyasikia hayafanani hata kidogo, kwa sababu la kwanza lina toni ya kati na la pili lina toni ya kushuka. Anayejifunza kwa herufi hizo huhifadhi kichwani nusu ya neno, na ile nusu iliyobaki ndiyo anayoisikiliza mwenyeji.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatari nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu havitaitaja. Sisi tunaijua th katika thamani na thelathini, kwa hiyo ukiiona th katika neno la Kithai ulimi wako utakwenda huko moja kwa moja, nayo siyo hiyo. Ni t inayotoka na mpumuo, yaani pumzi inayosikika. Vivyo hivyo ph yao si f bali ni p yenye mpumuo, ndiyo maana jina la kisiwa cha Phuket huanza kwa p. Ukizisoma sauti hizo kwa herufi za Kithai, kosa hilo halina mahali pa kuingilia.

Zaidi ya hayo, maandishi yao yenyewe ndiyo yanayobeba toni. Konsonanti zimegawanywa katika makundi matatu, la kati lenye herufi 9, la juu lenye 11 na la chini lenye 24, na toni ya silabi hujulikana kwa kuangalia kundi la konsonanti inayoianza, urefu wa irabu, namna silabi inavyofungwa, na alama ya toni ikiwa imewekwa. Alama zenyewe ni nne tu. Ukizikuta kanuni hizo zote katika jedwali moja utavunjika moyo, lakini zikifundishwa kundi baada ya kundi, pamoja na maneno ya kila siku, hukaa vizuri. Nakushauri ujifunze kwa chati ile ile wanayoitumia watoto wa shule za awali, ambapo kila herufi ina jina linalotaja kitu, kuku kwa hii na yai kwa ile, na uyaseme majina hayo kwa sauti mpaka uyazoee. Herufi mbili kati ya hizo 44 zimeacha kutumika, ingawa bado zimo katika chati. Wathai huyathamini sana maandishi haya, na mapokeo yao yanamtaja Mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, ufalme wao wa kale, kuwa aliyatunga mwaka 1283. Mgeni anayeweza kusoma tangazo la dukani kwa sauti hupokewa kwa namna tofauti kabisa na yule anayenyoosha kidole tu.

Kuhusu sikio, una mtaji ambao huenda hujautambua. Umeandika kwamba nyumbani kwenu mnazungumza Kisukuma. Hiyo ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili ambacho hutegemea shadda, yaani mkazo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio lako haliendi mikono mitupu, hata kama toni za Kithai zinafanya kazi kwa namna yake. Kisukuma pia kina irabu saba, nazo zitakusaidia kutenganisha e na o zilizo wazi na zile zilizobana, jambo linalomsumbua sana mtu aliyezoea irabu tano tu. Mimi nilisaidiwa na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kuwa kwetu paa la nyumba na paa wa porini hatuyatamki sawa, huyu wa pili ana mpumuo, na tofauti hiyo ndiyo ile ile inayotenganisha p mbili, t mbili na k mbili za Kithai. Nayo ng' ya ng'ombe, ambayo wenzetu kutoka Ulaya huihangaikia sana inapokuja mwanzoni mwa neno, sisi tunayo tangu utotoni, na utaikuta katika maneno ya kila siku kama vile kazi na pesa.

Hata hivyo kuna mazoea mawili ya Kiswahili ambayo itabidi uyaache mlangoni. La kwanza ni kuuliza kwa kiimbo. Sisi tunasema «umekula» na «umekula?» kwa maneno yale yale, tukiinua sauti mwishoni, na inatosha. Katika Kithai ukiinua sauti hivyo unaigusa toni ya neno la mwisho, na msikilizaji anaweza kusikia neno jingine. Wao huuliza kwa kuongeza kijineno mwishoni mwa sentensi, mara nyingi mai, huku maneno yote yaliyotangulia yakibaki na toni zake. Vivyo hivyo, ukikasirika, ukishangaa au ukihubiri kwa hamasa, toni haziondoki. Padre aliyezoea kupandisha na kushusha sauti mimbarani kwa namna ya kwetu anahitaji kujifunza upya jinsi ya kutia msisitizo, na hilo ni zoezi la kufanywa na mwalimu, si la kubahatisha siku ya Jumapili.

Zoea la pili ni kufunga kila neno kwa irabu. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya kigeni na kuyapa irabu mwishoni, kitabu, benki na mengineyo, na ulimi wetu hufanya hivyo wenyewe. Kithai kina silabi nyingi zinazofungwa kwa p, t au k, tena bila kuachia pumzi: midomo au ulimi hufunga njia, na sauti huishia hapo. Ukiongeza kairabu kadogo mwishoni unakuwa umetamka silabi mbili mahali pa moja, na ile ya pili nayo inatafutiwa toni na msikilizaji. Simama mbele ya kioo uone kama kinywa chako kinafunguka tena baada ya neno kwisha.

Sarufi usiiogope, na hapa sitakaa sana. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Kivumishi hufuata nomino kama kwetu, na hata katika kuhesabu, nomino hutangulia idadi, kisha huja neno maalumu la aina ya kitu kinachohesabiwa, moja kwa watu, jingine kwa wanyama, jingine kwa vitabu. Mtu aliyekulia katika ngeli hawezi kulishangaa jambo hilo. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza mpangilio ambao wewe tayari unao, kwa hiyo pita hapo haraka, muda huo uupeleke kwenye toni.

Hata adabu ya maneno utaiona inafanana na ya kwetu. Mwanamume humalizia kauli kwa khrap na mwanamke kwa kha, ambayo kwa mwanamke huwa na toni ya kushuka katika maelezo na toni ya juu katika swali. Watu huitana kwa majina ya undugu hata wasipokuwa ndugu: aliye mkubwa kidogo ni phi, mdogo ni nong, na wazee huitwa kama sisi tunavyotofautisha baba mkubwa na baba mdogo, kwa kuangalia kama mtu ni mkubwa au mdogo kuliko mzazi. Ndiyo sababu utaulizwa umri wako mapema sana, na hakuna ubaya ndani yake. Anayeuliza anataka kujua akuiteje.

Sasa nije kwenye mahubiri. Kithai kina msamiati maalumu unaotumika kwa mfalme na jamaa yake, na Biblia ya Kithai huutumia msamiati huo inapomtaja Mungu na Kristo. Kitenzi cha Yesu kula si kile cha mtoto kula, na mtawa wa Kibudha naye ana chake. Anayeanza na Injili na sala anaanza kwenye ngazi ya juu ya lugha bila kuwa na zile za chini, na matokeo yake ni kijana anayeweza kumtaja Mungu kwa maneno ya fahari lakini hawezi kumuuliza bibi mgonjwa kama amelala vizuri. Itikio za Misa (hata neno lenyewe ni misa, kama letu) na sala ya Baba Yetu zijifunze kwa kusali pamoja na waamini, kwa kuwa husemwa polepole na kwa pamoja, nazo zitakufundisha mwendo wa toni. Homilia, yaani mahubiri ya Misa, ni jambo jingine. Kwa muda wa kutosha omba kuwa shemasi wa kusikiliza, hata kabla ya kupewa daraja lolote.

Nasema hivyo kwa sababu Wakristo nchini Thailand ni kama asilimia 1 tu ya watu, na wengi sana wa waliobaki ni Wabudha. Majirani zako, mwalimu wako, muuza mboga na pengine wazazi wa watoto wa katekisimu watazungumza nawe kutoka ndani ya imani hiyo, na usipoielewa lugha wanayoitumia kueleza tendo jema na malipo yake, hutajua wanasikia nini wewe unapozungumza juu ya dhambi na neema. Askofu Pallegoix, Mfaransa aliyefika Siam (jina la zamani la Thailand) mwaka 1830, alikuwa na urafiki na Mwanamfalme Mongkut wakati huyo akiwa bado mtawa wa Kibudha; Pallegoix alifundisha Kilatini, naye Mongkut alifundisha Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha. Mwaka 1854 Pallegoix alichapisha kamusi kubwa ya Kithai, yenye tafsiri za Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Kazi ya namna ile haitoki kwa mtu aliyekuja kusema tu, na kwangu mimi ndiye kielelezo bora zaidi cha mmisionari mwanafunzi katika nchi ile kuliko wengi waliosifiwa kwa idadi ya vitabu walivyogawa.

Kuna zoezi moja ambalo nalithamini kuliko yote niliyofundishwa. Wathai huona haya kumsahihisha mgeni, hasa mtu wa dini, na watatabasamu hata kama hawakukuelewa. Kwa hiyo usiulize kama umesema sawasawa. Tafuta mtoto wa shule ya msingi anayejua kuandika, mtamkie neno moja moja, umwombe aandike alichosikia. Mtoto ataandika neno alilolisikia hasa, pamoja na alama yake ya toni, na wewe utalinganisha na ulilokusudia. Kwa njia hiyo unafundishwa matamshi na maandishi kwa wakati mmoja, na mtoto naye hufurahi kuwa mwalimu.

Huko unakokwenda kuna Waisan, wenyeji wa kaskazini-mashariki, ambao lugha yao ya nyumbani iko karibu na Kilao kuliko Kithai cha Bangkok, na toni zake ni nyingine. Ukifika Tha Rae, katika mkoa wa Sakon Nakhon, penye jumuiya kubwa ya Wakatoliki tangu karne ya 19, utawasikia wazee wakisali kwa Kithai cha kati kisha wakitoka nje na kuzungumza Kiisan. Usijifunze zote mbili kwa pamoja. Imarisha kwanza Kithai cha shule, kwa sababu ndicho kinachosomwa na kuandikwa, halafu ukae na wazee.

Kuhusu muda, kipimo kimoja kinachojulikana ni cha chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, ambacho kwa miaka mingi kiliwakadiria wanafunzi wake wanaozungumza Kiingereza kama saa 1,100 za darasani kwa Kithai na kama saa 900 kwa Kiswahili. Wewe si Mmarekani na utapita haraka katika baadhi ya mambo niliyoyataja, lakini saa zinabaki kuwa saa, na haziingii katika miezi michache ambayo ndani yake umepangiwa pia kufundisha katekisimu, kuendesha gari la nyumba ya watawa na kusimamia vijana. Mwandikie mkuu wako wa shirika sasa hivi, kabla hujasafiri, umwombe kwamba mwaka mzima wa kwanza uwe wa lugha peke yake na kwamba jambo hilo liandikwe katika barua yako ya kutumwa, kwa sababu ukishafika na kuonekana una afya na nguvu, kila nyumba itakuwa na kazi ya kukupa.