Kliniki ya eksirei Kondele: filamu ama programu?

Boss, umeuliza kama kliniki yako ya eksirei hapo Kondele, Kisumu, ihamie programu ya picha ama mkae tu na filamu. Mimi nimepiga eksirei Nakuru miaka kadhaa na nakwambia toka kwa filamu, pesa nyingi inaishia huko na kwa dawa za kuoshea, halafu mgonjwa akirudi baada ya miezi sita bahasha imepotea mnampiga picha upya. Ukiwa na PACS, yaani hiyo programu ya kuhifadhi na kutuma picha, picha inakaa kwa seva, daktari wa kusoma hata akiwa Nairobi anaifungua kwa kompyuta yake na ripoti inaweza kurudi siku hiyo hiyo, na hapo ndio madaktari wa kliniki za jirani wanaanza kukutumia wagonjwa, wanapenda ripoti ya haraka kuliko bei ya chini, amini mimi.

Kuna programu ya hiyo kazi inaitwa Orthanc, ni ya bure, anza nayo, bora upate kijana wa kompyuta anayeielewa. Kwanza uliza kama mashine yako inatoa DICOM, ule muundo wa picha za hospitali ambao hizi programu zinasoma. CT scan ya mgonjwa mmoja ni mamia ya picha so bando ya simu haitoshi, weka faiba. Na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, si unajua stima ya huku. Picha yenye jina la mgonjwa usitume WhatsApp, kuna sheria ya data ya 2019.