Si Kila Cheusi Ni Mpingo

Nimenunua twiga mweusi Soko la Maasai. Nitajuaje kama ni mpingo? (Msomaji, Rongai)

Swali hili tena! Mnanunua kwanza, kisha ndipo mnauliza. Mtumbukize kwenye ndoo ya maji. Mpingo huzama, akielea, umeuziwa jakaranda iliyopakwa rangi ya viatu. Ukikwaruza ukaona weupe, usianze ugomvi bado: hata mpingo una tabaka jeupe chini ya gome, na wachongaji wengine huliacha makusudi.

Lakini jakaranda ina aibu gani? Wachongaji wa Wamunyu na wa hapa Nairobi wameigeukia kwa sababu mpingo umeadimika, nao huchukua miaka 70 hivi, hata zaidi, kukomaa. Jakaranda hukua haraka, haisumbui patasi, na asili yake ni Amerika Kusini, kwa hiyo kuichonga hakuli misitu yetu ya asili. Uongo umo kwenye kopo la rangi. Mchongaji aiache na weupe wake, aitaje kwa jina, adai bei ya mikono yake. Nanyi wanunuzi mkome kulipia weusi.

Kinyago changu kimepasuka tangu nikiweke dirishani. Nikipake mafuta?

Hapana. Kilichongwa kibichi. Kiondoe juani, ufa ukishatulia uujaze nta.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Nataka kupigilia vinyago vya chuma kwenye mugumo ulio karibu na chuo, kupinga ukataji wa miti. Nahitaji kibali?

Unahitaji kwanza kuweka nyundo chini. Miti ya jiji hili imejaa misumari ya matangazo ya waganga, nawe unataka kuongeza yako kwa jina la kuitetea? Tundu la msumari ni mlango wa kuvu na wadudu. Kibali kipo cha kuombwa, ila hata ukipewa nitakupinga.

Mugumo wa Waiyaki Way ulinusurika mwaka 2020, barabara ya juu ilipoukaribia, kwa kuwa watu waliupigia kelele ungali umesimama. Msanii Joseph Beuys naye alianza mwaka 1982 kupanda miti 7,000 kule Kassel, Ujerumani, mingi ikiwa mialoni, kila mmoja na jiwe la basalti ubavuni. Alifariki mwaka 1986. Wa mwisho ukapandwa mwaka uliofuata. Panda, basi. Na kama mikono inakuwasha kuunda kitu, tazama msanii Mkenya Wangechi Mutu anavyogeuza matawi na udongo mwekundu kuwa miili ya wanawake.

Upepo umeangusha mti mtaani kwetu. Naweza kuchukua gogo nichonge? (Msomaji, Kayole)

Muulize mwenye kiwanja, au kaunti kama ulikuwa kando ya barabara. Kuanguka hakuufanyi kuwa wa bure. Ukiruhusiwa, ziba ncha zote mbili kwa nta siku hiyohiyo, maana ndipo maji hutoka upesi na nyufa huanzia. Toa gome kabla mabungua hayajaingia, uliinue gogo juu ya matofali kivulini. Na ujue ni mti gani kabla ya kushika tezo. Vumbi la miti mingine huchoma macho na kifua. Vaa barakoa unapopiga msasa. Nimeshaandika hivyo, na nitaandika tena.