Maswali ya Wasomaji: Mzimu wa Christine umeenda wapi?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Juzi nimemaliza kusoma Christine, riwaya ya Stephen King ya gari linaloua watu, nikaitafuta muvi yake nikaicheki, mbona nimebaki nashangaa! Kwenye kitabu yule mzee LeBay, mwenye gari wa kwanza, ameshakufa ila mzimu wake umo humohumo ndani ya gari, umeoza. Kwenye muvi gari linauzwa na ndugu yake basi, mzimu hakuna. Sasa wamemtoa wa nini na ndo alikuwa ananitisha kuliko vyote?

JIBU: Salama ndugu yangu. Mimi nasema walifanya sawa kumtoa. Kitabuni unaweza ukasoma kurasa mia nyingi hujui anayeua ni gari ama ni marehemu, na hiyo wasiwasi ndo utamu wenyewe. Kwenye skrini haiendi hivyo, ukishamwonyesha maiti ameshika usukani tu watu wataanza kumuogopa maiti, gari linabaki usafiri wake. Ndo maana John Carpenter, aliyeiongoza hiyo muvi ya 1983, kaanzia kiwandani Detroit mwaka 1957, gari bado linaundwa, jekundu peke yake kati ya mengine, mara boneti linambana fundi mkono, mwingine anaangusha majivu ya sigara kwenye siti baadaye anakutwa amekufa humo ndani. Hapo mwenye gari hata hajapatikana bado, utamlaumu nani zaidi ya gari lenyewe?

Halafu ile sini gari limepondwapondwa linajinyoosha lenyewe mbele ya Arnie, yule kijana aliyelinunua, kompyuta haikuhusika kabisa. Walifunga pampu za haidroliki kwa ndani zikawa zinavuta bodi inabonyea, wakarekodi, kisha wakaicheza picha kinyumenyume. Ukiangalia vizuri bati linajaa taratibu kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, na taa ndo zinamwangalia Arnie. Hapo mzimu wa nini tena jamani.

Ila kuna kitu walikipoteza, hapo nakuunga mkono. Kitabuni Arnie anageuka LeBay kidogokidogo, mgongo unaanza kumsumbua anavaa mkanda wa mgongo kama yule mzee, anaongea kwa mdomo wa yule mzee, na sehemu kubwa anayetusimulia ni rafiki yake Dennis kwa hiyo tunamwona mshikaji akipotea huku hatuna la kufanya. Kwenye muvi kavua miwani, kabadili nguo, ghafla jeuri, haya imeisha hiyo.

Na kama unadhani mwandishi mwenyewe angeongoza ingekuwa kali zaidi, mwaka 1986 King aliongoza Maximum Overdrive, kutoka hadithi yake fupi ya malori yanayowageukia watu. Icheki halafu urudi kwa Carpenter, utaniambia ipi ilikunyima usingizi.