Fundi, nikiingia mkutanoni sioni mtu

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni msomaji wako wa Matondoni, Lamu. Mamangu ana saratani ya titi na anatiwa dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, kule Mombasa, kila baada ya siku 21. Mimi ndiye ninayempeleka. Binamu yangu aliye Uingereza aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa Pwani, wengine wanaugua wenyewe, wengine wanauguza wazazi, na kila Alhamisi hukutana kwa Zoom. Tulikuwa tukikutana saa 3 usiku. Tangu mwisho wa Oktoba nikiingia sioni mtu. Naambiwa nimsubiri mwenyeji, nasubiri robo saa, nachoka natoka. Nadhani wamenitoa na naona haya kuuliza. Pili, siku za safari ndizo ninazowahitaji zaidi, na ndizo siku simu yangu haifai kitu: kufika Garsen chaji ni nusu, bando limekwisha, na simu imejaa video. Tatu, huku kwetu mtandao hushika vizuri ufuoni tu, kule wanakounda majahazi. Mama ana kabambe, simu ndogo ya vitufe, mimi nina Android ya kawaida. Nifanye nini nisipotezane nao?

JIBU: Waalaikum salaam dada yangu. Mpe mama pole nyingi, Mungu amjaalie shifaa.

Hawajakutoa. Waingereza wamerudisha saa zao nyuma, basi. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Machi huisogeza mbele tena. Sisi huku hatuigusi saa mwaka mzima. Kwa hiyo wakati wao wa joto tunawatangulia kwa saa 2, na wakati wao wa baridi kwa saa 3. Mkutano wenu, kwa hesabu yako hiyo, uko saa 1 jioni ya London na haujahama hata dakika. Ila saa 1 yao, ambayo ilikuwa saa 3 usiku kwako, sasa ni saa 4. Wewe unabisha hodi saa nzima kabla mwenye nyumba hajafika. Na mtu aliyetolewa kundini huona imeandikwa waziwazi kwamba ametolewa, na hawezi tena kuandika. Kama jumbe bado zinakuingia, wewe ni wao.

Ili usihesabu kwa vidole, fungua programu ya Saa kwenye simu yako, tafuta saa za dunia, uongeze London. Alhamisi ikifika, tazama saa ya London. Ikisoma 19:00, ingia. Uwe macho na hizo tarakimu: wamenijia wateja wawili hapa dukani Malindi, kwa nyakati mbalimbali, walioandikiwa 7 wakaingia saa 7.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda binamu yako asilipende. Huo mkutano wa Zoom ndicho kitu cha kwanza ninachokushauri ukiache, angalau mpaka mama amalize dripu. Hebu jitazame: saa 4 usiku, uko ufuoni katikati ya mbao na majahazi, simu mkononi, mama yuko nyumbani peke yake siku ya tatu baada ya dawa, anatapika. Kwa ajili ya nini? Kundi la kukufaa wewe ni lile linaloweza kukungoja. Zoom haimngoji mtu.

Tena inakula. Mkutano wa watu wengi wenye picha, kwa saa moja, waweza kumeza gigabaiti nzima na zaidi. Sauti peke yake, kwa saa hiyohiyo, haitapita sana megabaiti 40. Na hapa wengi hujidanganya: wanazima kamera yao wakidhani wameokoa bando, kumbe picha za wale wengine wote bado zinawashukia. Siku ukitaka kuingia kwa hamu yako tu, ukiwa ndani gusa Zaidi, tafuta mahali pa kuzuia video zinazoingia, uzizuie. Utabaki na sauti na majina ya watu. Inatosha kabisa.

Lakini mwombe anayeongoza mkutano jambo moja: kila Alhamisi mtu mmoja, kwa zamu, arekodi ujumbe wa sauti wa dakika tano kueleza yaliyosemwa, autume kundini. Wewe peleka swali lako kwa maandishi kabla ya magharibi, ili wao walijadili, na jibu ulikute asubuhi. Usione haya kuomba. Katika kundi kama hilo hutakosa wengine wanaokosa mkutano kama wewe na wamenyamaza kama wewe.

Kwa nini nasisitiza sauti? Kwanza ni nyepesi. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki hata megabaiti moja. Pili, WhatsApp hushusha jumbe za sauti zenyewe, hata kama umezuia picha na video. Ukishazipata ziko simuni mwako, utazisikiliza pasipo na mtandao. Tatu, na hili ndilo nilipendalo, mama atazisikia. Kabambe yake haina WhatsApp, lakini masikio anayo. Baba yangu alipokuwa akitiwa dripu hakutaka kusoma kitu, wala kusomewa. Nilipomwekea sauti ya mzee mmoja wa Kilifi aliyekuwa dripu mbili mbele yake, akieleza namna ulimi unavyokuwa na ladha ya chuma na kwamba yeye alikuwa akinyonya ndimu, baba alisema, "Rudia hapo." Akanituma ndimu.

Kuhusu simu kujaa: ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio, kisha Hifadhi na data. Utaona upakuaji wa otomatiki. Kwenye sehemu ya data ya simu ondoa tiki zote: picha, sauti, video, hati. (Jumbe za sauti zitaendelea kushuka, nimekwisha sema, hiyo "sauti" iliyoandikwa pale ni mafaili ya muziki na mawaidha marefu.) Hapohapo kuna pa kudhibiti hifadhi, na WhatsApp itakupangia mafaili yanayozidi megabaiti 5. Yapitie, futa. Nabashiri utakuta "habari za asubuhi" zenye maua na video za dawa za mitishamba zilizosambazwa mara nyingi. Za maua futa bila kuangalia nyuma. Za mitishamba pia, ila kama mama ameanza kunywa kitu kutokana na mojawapo, mwambie daktari wake ni kitu gani, kwani baadhi ya miti hugombana na dawa za dripu.

Safari yenyewe ianze jana yake. Mchana, nenda ufuoni, fungua kundi, acha jumbe za sauti zote zishuke. Chaji simu usiku, na ukiweza nunua pawabenki. Ukishavuka hadi Mokowe na kupanda basi, weka simu kwenye hali ya ndege. Chaji yako haimalizwi na kutazama skrini peke yake. Simu inayopoteza minara kila baada ya kilomita chache huitafuta kwa nguvu zake zote, na njia ile ya Witu hadi Garsen ina vipande virefu ambapo inatafuta bure. Ifungue Garsen, ifungue Malindi, ifungue Kilifi. Katikati sikiliza ulichoshusha. Ukitaka kuandika, andika tu: ujumbe utakaa na alama ya saa ndogo, na mtandao ukirudi utaondoka wenyewe. Ukifika benchi la hospitali, ukiweka ujumbe wa sauti halafu ukainua simu sikioni kama unayepokea simu, sauti hutokea sikioni pekee na jirani hasikii.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini ukiuguza utalikuta. Katika kundi la saratani watu hufa. Siku moja utakuwa umekaa na mama bega kwa bega ndani ya basi, simu iko pajani, mara skrini iwake: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu tena. Halafu mara arobaini, kila mtu na rambirambi yake, na mama anasoma. Mimi lilinipata, na sikuwa na la kusema. Tulinyamaza kutoka Mtwapa hadi Malindi. Kwa hiyo fanya mambo matatu kabla ya safari nyingine. Nyamazisha kundi, uchague Daima. Kwenye mipangilio ya simu, upande wa arifa, ficha maudhui yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Na ndani ya WhatsApp shikilia jina la kundi, chagua kulifunga, lifunguke kwa kidole chako au nambari yako ya siri ya simu tu. Kundi utakuwa unalifungua wewe, wakati wako, ukiwa na nguvu za kulipokea.

Na kama mama hajui kwamba anazungumzwa huko, mwambie. Ni mwili wake. Akisema usitaje titi, usitaje. Ukipiga picha ripoti ili uulize neno usilolielewa, ziba jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya hospitali kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini picha ikishasambaa sheria haiirudishi.

Sasa mpaka wa kundi uko wapi. Mimi ni fundi wa simu, si daktari, kwa hiyo nasema tu lile ambalo manesi walilirudia kwetu kila dripu: baada ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka, na mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo joto likifika nyuzi 38, hilo ni jambo la hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Swali kama hilo usilipeleke kundini. Utapata majibu ishirini ya mapenzi, na kumi kati yake yatasema mpe panadoli alale. Panadoli itashusha joto na kuuficha ugonjwa unaokuja. Pima kwanza, kisha piga simu.

Piga, usitume ujumbe. Mahali ambapo intaneti haifanyi kazi, simu ya kawaida mara nyingi bado inapita, na kwa hiyo hata ile kabambe ya mama ni chombo cha maana. Itie salio ambalo haliguswi kwa jambo jingine, na uhifadhi humo nambari tatu: wodi anakotibiwa Mombasa, hospitali ya King Fahd pale Lamu, na nahodha wa boti atakayekubali kuamka usiku. Zungumza na huyo nahodha sasa, si siku hiyo. Nambari hizohizo ziandike kwa kalamu kwenye karatasi ubandike ukutani, pamoja na majina ya dawa anazotiwa na tarehe ya dripu ya mwisho. Daktari wa zamu asiyemjua mama atayauliza hayo kwanza.

Kumbukumbu za kila siku, yaani joto, alichokula, kutapika, dawa aliyokunywa, ziandike kwenye WhatsApp kwa kujitumia ujumbe mwenyewe. Tafuta nambari yako kwenye orodha, inaruhusu. Lakini washa na nakala rudufu iende Google, ukiwa kwenye Wi-Fi au mtandao mzuri. Mimi, fundi mzima, nilimshikia baba ndoo, nikainama, simu ikatoka mfuko wa shati ikazama humo. Simu niliitengeneza kwa mikono yangu siku mbili baadaye, ikawaka, ikafa. Jumbe za miezi minane zilikwenda nayo, na ile sauti ya mzee wa ndimu, ambaye wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, uweke nambari ya siri ya tarakimu sita. Wezi hupenda makundi ya wagonjwa kwa sababu watu wake hawana muda wa kushuku. Mtu akikuomba tarakimu sita zilizokuingia kwa SMS, au akakuambia kuna mchango wa mgonjwa utume M-Pesa upesi, hata ajiite admini, hata atokee na picha na jina la binamu yako, usijibu kwa maandishi. Mpigie binamu usikie sauti yake.