Usikate uyoga kwa kisu, chimba mpaka chini

Mkuu, huo uyoga wa kwenye picha usiupike. Umeandika kwamba umehamia Sikonge kikazi, umekuta uyoga mweupe pembezoni mwa msitu, ukaukata kwa kisu kama ulivyoona kwenye video, na sasa unauliza programu ipi ya simu inatambua uyoga vizuri, kisu gani ununue na namna ya kukausha wa kuuza. Picha yako ina vichwa saba kwenye sinia na hakuna hata kimoja chenye kitako cha shina. Moyo umenienda mbio, maana sinia kama hilo niliwahi kuliweka mezani kwangu, Desemba 2019.

Mvua zilikuwa zimekolea, akina mama wanapita kila asubuhi na ndoo za uyoga kichwani, nami nikajiona nimeshakuwa mwenyeji. Nikakuta uyoga mkubwa mweupe, kofia ina magamba ya kahawia katikati, umeota kwenye majani mafupi kati ya zizi la ng'ombe na miyombo ya kwanza, hatua kama kumi kutoka kwenye kichuguu. Kichuguu hicho ndicho kilichoniponza. Nikasema si ndio huu uyoga wa kichuguu ambao kila mtu anausifia? Nikakata usawa wa ardhi, nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Humo kulikuwa na bwana mmoja anayejibu kila kitu kama daktari wa zamu. Hakuuliza umeota wapi. Hakuuliza chini ya shina kuna nini. Hakutaka hata kuona matamvua, zile karatasi nyembamba chini ya kofia. Akaandika: "Huo wa kichuguu, kula bila wasiwasi."

Tulikula saa mbili usiku, mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka tisa, tena yeye akaongezewa kwa sababu aliupenda. Saa nne haijafika akaanza kutapika. Tukafuata sisi. Kutapika na kuharisha kwa pamoja, tumbo linasokota kama nguo inayokamuliwa, hadi mtoto akalegea, midomo imekauka na macho yameingia ndani. Bodaboda mbili, kilomita tisa za tope na mvua, mimi nimempakata huku nasimamisha pikipiki nishuke nitapike. Alilala na dripu mpaka asubuhi. Alipopata nguvu akaniuliza, "Baba, kwani uyoga wako ulikuwa mbaya?" Sikuwa na la kumjibu.

Yule bwana nilimwandikia siku hiyohiyo kwamba mtoto yuko kwenye dripu. Akasema labda tulizidisha mafuta, kisha akafuta ujumbe wake wa kwanza. Kukosea ningemsamehe, kila mtu hukosea. Lakini unamwambia mtu alishe familia yake kitu ambacho hujakishika mkononi, halafu unafuta? Nimekasirika mpaka leo na sioni sababu ya kuficha.

Niliporudi nyumbani mchana, kofia mbili tulizobakiza zilikuwa bado zimelala juu ya gazeti. Nikainua moja. Chini yake palikuwa na duara la vumbi la kijani kilichofifia lililodondoka kwenye matamvua, mistari inatoka katikati kama miale. Matamvua yaliyokuwa meupe jana yake yameanza kuwa ya kijani-kijivu. Kitaalamu uyoga huo ni Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, na hapo ndipo unapowapata watu. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, hudondosha vumbi lenye uwaridi wa mbali.

Mama mkwe alikuja kutujulia hali. Ameokota uyoga tangu utotoni, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara tu. Alisikiliza yote, kisha akauliza neno moja: "Baba Neema, mlichimba?"

Akanipeleka kwenye kichuguu na kijiti kilichochongwa. Alichimba taratibu kando ya shina, na shina likawa linashuka, linazidi kuwa jembamba na jeusi, hadi mkono wake ukazama karibu na kiwiko. Huko chini ndiko bustani ya mchwa iliko. Wao ndio wanaoulima huo uyoga, juu ya majani na miti waliyotafuna, kwa hiyo ule mkubwa una mzizi unaokwenda mpaka kwao. Wangu ungechimbwa ungeonyesha kitako kilichovimba kidogo, kinaishia kwenye udongo wa juu, basi. Jibu lote lilikuwa ardhini na kisu changu kililiacha hukohuko.

Tena ninachokusimulia ni afadhali. Kuna jamii nyingine ya uyoga, Amanita; nyingi huwa na kikombe kitakoni, kama ganda la yai lililopasuka, na mara nyingi kimefukiwa. Watu wa misitu ya miyombo wanakula baadhi ya aina zake kwa ujuzi waliorithi, ila wewe mgeni ukiona kikombe uache hapohapo. Ziko Amanita duniani zinazoua kwa kuharibu ini, na sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kukausha. Unakula, unalala salama, tumbo linakuja kuchafuka baada ya masaa sita, kumi na mbili au zaidi. Kisha unapata nafuu, unadhani yamekwisha, kumbe ini linakufa. Ukikata kwa kisu, kikombe hicho hukioni kabisa.

Programu ya simu nayo inaona ulichopiga tu, na wewe umepiga kichwa. Mambo ya kijiko cha fedha, kitunguu saumu kubadilika rangi, konokono kala, mbuzi kala, usiyasikilize hata yakisemwa na mzee.

Rudi pale ulipokata. Kama kuna uliobaki, chimba kwa kijiti, utoe na udongo wake, shina zima. Kofia moja uilaze usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli. Asubuhi mpelekee mama anayeuza uyoga barabarani, umwonyeshe kitako na vumbi, na umwambie ulikoukuta. Bora akupeleke porini mwenyewe, umlipe siku yake. Hivyo saba vya kwenye sinia mwaga leo, mahali ambapo watoto hawafiki.