Kwa nini samaki hufa alfajiri?

SWALI: Maji ya bwawa langu yamegeuka kijani. Jioni samaki wanaogelea vizuri, asubuhi nakuta wengine wanaelea, wamekufa. Je, kuna sumu?

JIBU: Yaelekea si sumu, ni upungufu wa oksijeni. Ukijani huo ni mwani, viumbe vidogo mno vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mchana mwani hutoa oksijeni; usiku huitumia, sawa na samaki na bakteria wanaoozesha kinyesi na mabaki ya chakula. Ndiyo maana kiwango hushuka kabisa kabla ya jua kuchomoza. Chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi hutaabika.

Ukiwaona wakihema juu ya maji, rusha maji kwa pampu papo hapo au ingiza maji mapya, na usiwalishe siku hiyo.

Kisha pima ukijani wa maji: zamisha sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kijiti chenye alama. Ikitoweka kabla ya sentimita 20 kwa sababu ya ukijani (si tope), acha kuweka mbolea bwawani na punguza chakula. Dawa ya kuua mwani? Hapana: ukifa wote kwa mpigo, kuoza kwake kutamaliza hata oksijeni iliyobaki.